Jinsi ya Kulifikisha Bungeni Ombi la Sheria ya Usalama Barabarani

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likawavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Yaliyofuata tuliyajua kabla hayajatokea. Viongozi walifika, rambirambi zikatolewa, wachuuzi wakaamriwa kuondoka kwenye hifadhi ya barabara, na baada ya majuma machache habari ikahamia kwingine. Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na katika mazishi mengi husimama mtu akasema kwamba sheria zirekebishwe. Nimeketi katika mazishi ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na sijasikia hata mara moja msemaji akitaja ni sheria ipi, kifungu kipi, na kirekebishwe kisomeke vipi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kulijibu swali hilo: mzazi, mwalimu, mwanachama wa kikundi cha mtaa, au ndugu wa marehemu. Hahitaji kuwa mwanasheria, wala hahitaji kuwa na fedha nyingi. Anachohitaji ni subira ya miezi kadhaa na nidhamu ya kushikilia jambo moja hadi liishe. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao ni ombi la kutaka magari yasizidi kilomita 30 kwa saa mbele ya shule.

Chagua jambo moja

Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kudai kila kitu kwa pamoja: madereva walevi wafungwe, matatu mbovu ziondolewe, barabara zipanuliwe, polisi waache hongo. Barua ya namna hiyo humpa mbunge nafasi ya kukubaliana nawe kwa maneno na kutofanya lolote, kwa sababu haimwambii afanye nini Jumanne asubuhi. Chagua hatari moja unayoiona kwa macho yako, mahali unapopajua, ambayo ina tiba inayojulikana.

Mwendo wa kasi mbele ya shule ni hatari ya aina hiyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Lile la kilomita 30 husafiri mita 8 na kitu. Dereva anapomwona mtoto akiruka barabarani hupita kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki, na katika sekunde hiyo gari la kwanza limekwisha kupita umbali ambao la pili lisingefika. Baada ya hapo, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 50 huhitaji karibu mara tatu ya umbali wa lile la kilomita 30. Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria hayo yote akiwa na begi mgongoni, na si haki kumtaka ayakadirie. Azimio la Stockholm la Februari 2020, ambalo Umoja wa Mataifa uliliidhinisha mwaka huohuo katika azimio lake la muongo wa 2021 hadi 2030, lilipendekeza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika mara kwa mara. Hoja yako, basi, haitakuwa ya kubuni.

Ijue nyumba ambamo sheria yako inakaa

Kabla ya kuandika neno lolote, tafuta ni chombo gani chenye uwezo wa kukupa unachotaka. Sheria kubwa ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inayoweka makosa, adhabu na vikomo vya mwendo: kwa jumla kilomita 50 kwa saa mijini, 80 kwa magari ya abiria na ya mizigo katika barabara kuu, na 110 kwa magari madogo ya binafsi. Ya pili ni sheria ya mwaka 2012 iliyounda NTSA, mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama. Chini yake ziko kanuni ambazo Waziri huzitunga kwa uwezo aliopewa na sheria hizo, na kandoni ziko sheria za kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti barabara zake, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Mwisho kabisa yako maamuzi ya wahandisi, ambayo si sheria hata kidogo lakini huokoa maisha kwa haraka zaidi.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Tuta na kivuko mbele ya shule moja havihitaji Bunge. Vinahitaji barua kwa mamlaka inayomiliki barabara hiyo, yaani KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa barabara za kitaifa za mijini, KeRRA kwa zile za mashambani, na serikali ya kaunti kwa zilizobaki. Kofia ngumu na koti la kung'aa kwa abiria wa bodaboda tayari vimo katika Sheria ya Trafiki, kwa hiyo anayeliomba Bunge livilazimishe anaomba alichonacho, ilhali angelimwandikia kamanda wa trafiki wa eneo lake kuhusu utekelezaji. Lakini kikomo cha mwendo kinachohusu kila shule nchini ni jambo la sheria yenyewe, na hapo mlango sahihi ni Bunge.

Kuna mfano ambao kila mtu anayeshughulikia jambo hili anapaswa kuujua. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kipima pumzi, na kwa miaka kadhaa madereva walisimamishwa usiku na kupuliza kile kifaa ambacho Wakenya walikiita Alcoblow. Mwezi Januari 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kanuni hizo zilikinzana na sheria mama, kwa kuwa ziliunda kosa la kuzidisha kiwango cha pombe wakati Sheria ya Trafiki ilizungumzia dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kazi ya miaka ikatikisika, si kwa sababu mahakama ilipenda ulevi, ila kwa sababu jambo lililofaa kuwa ndani ya sheria lilikuwa limewekwa ndani ya kanuni. Unapodai kanuni, hakikisha kwamba sheria mama ina kifungu kinachozibeba.

Upo pia mfano wa kutia moyo. John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa mwaka 2003 kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: matatu zikawekwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kila abiria akapata mkanda, idadi ya abiria katika matatu ndogo ikawekwa 14, mstari wa manjano ukachorwa ubavuni. Waliokuwa wakipanda matatu wakati huo wanakumbuka jinsi safari zilivyobadilika katika muda mfupi. Wanakumbuka pia jinsi mikanda ilivyochakaa na vidhibiti mwendo vikachezewa mara tu jicho la serikali lilipogeuka.

Kusanya ushahidi usioweza kupuuzwa

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa kutoka kwa chombo cha umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu, na chombo hicho kinapaswa kujibu ndani ya siku 21. Iandikie NTSA ukiomba idadi ya watoto waliogongwa katika kaunti yako kwa miaka mitano iliyopita, saa za matukio hayo na barabara yalikotokea. Usiombe majina ya waathiriwa. Huyahitaji, na yatakupa tu sababu ya kunyimwa. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ambayo ndiyo yenye jukumu la kuisimamia sheria hiyo.

Takwimu za serikali hueleza yaliyokwisha kutokea. Hatari iliyopo leo unaweza kuipima mwenyewe. Chagua sehemu iliyonyooka karibu na lango la shule, pima mita 100 kwa kamba au futikamba, weka alama mbili za chokaa nje kabisa ya njia ya magari, kisha watu wawili wasimame mahali salama, mmoja kwa kila alama, mmoja akiwa na simu inayohesabu sekunde. Gari linalopita mita hizo kwa chini ya sekunde 7.2 limezidi kilomita 50 kwa saa. Linalopita kwa chini ya sekunde 12 limezidi 30. Fanyeni hivyo asubuhi watoto wanapoingia na jioni wanapotoka, kwa siku tano za masomo, mkiandika kila gari bila kuchagua yale ya kasi peke yake, na msiandike namba za magari. Hamuwatafuti wahalifu; mnauonyesha mwenendo wa barabara. Hesabuni pia watoto wanaovuka kwa miguu. Karatasi chache za namna hii, zenye tarehe, saa na majina ya waliopima, huwa na uzito kuliko picha mia moja za magari yaliyopondeka.

Kuhusu familia zilizofiwa, nasihi moja tu. Ushuhuda wao ni wa thamani kuu, nao ni mali yao. Wasomewe kila kinachoandikwa kwa jina lao, na akikataa mtu asiulizwe mara ya pili.

Andika kifungu, usiandike malalamiko

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na ndipo ninapowaomba wasomaji wasiharakishe. Chukua karatasi uandike sheria unayoitaka kana kwamba itasomwa na wakili wa dereva aliyeshtakiwa, anayetafuta tundu la kupitia. Tuseme umeanza hivi: "Magari yapunguze mwendo karibu na shule." Wakili atauliza: yapunguze kutoka ngapi hadi ngapi? Karibu ni wapi? Shule ni nini, na je, chekechea imo? Jaribu tena:

"Mtu hataendesha chombo cha moto kwa mwendo unaozidi kilomita 30 kwa saa katika sehemu yoyote ya barabara iliyo ndani ya mita 200 kutoka kwenye lango linalotumiwa na wanafunzi wa taasisi ya elimu ya msingi iliyosajiliwa."

Kimekuwa bora, lakini dereva bado atasema hakujua kwamba pale pana shule, na mara nyingine atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo kifungu cha pili kinahitajika, kinachoitaka mamlaka ya barabara iweke alama zinazoonekana kila upande na kujenga matuta au vivuko vilivyoinuliwa ndani ya muda uliotajwa. Binafsi naona kifungu hicho cha pili kina nguvu kuliko cha kwanza. Cha kwanza humwekea wajibu dereva peke yake, ilhali cha pili huibebesha serikali deni linaloweza kudaiwa mahakamani. Fikirieni pia kama kikomo kitumike saa zote au saa za masomo tu. Saa za masomo hupunguza upinzani, lakini huzua ubishi kuhusu likizo, masomo ya Jumamosi na shule za bweni. Mimi ningechagua saa zote, kwa kuwa kanuni rahisi ndiyo inayokumbukwa na mtu aliye kwenye usukani.

Kuhusu adhabu, jihadharini na hamu ya kuweka faini kubwa mno. Faini inayozidi uwezo wa dereva wa matatu hugeuka haraka kuwa bei ya mazungumzo kando ya barabara. Kinachomtuliza dereva ni uhakika wa kukamatwa, hata kama adhabu ni ya wastani.

Peleka ombi lenyewe

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, likiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Utaratibu umewekwa na sheria ya mwaka 2012 kuhusu maombi kwa Bunge, na masharti yake ni ya kufuatwa neno kwa neno, maana ombi lililokosewa hurudishwa hata kama jambo lake ni la haki.

Ombi liandikwe kwa mkono au lichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa wala kuongezwa maneno kati ya mistari. Lielekezwe kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti. Likiwa na kurasa zaidi ya moja, kila ukurasa utaje jambo linaloombwa. Lieleze kama mmekwisha kujaribu kulitatua kwa chombo husika na mlijibiwa nini, na ndiyo sababu barua mlizoiandikia NTSA na mamlaka ya barabara hazikupotea bure hata kama hazikujibiwa. Liseme kama jambo hilo liko mbele ya mahakama yoyote. Kila mwombaji aandike jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi au alama ya dole gumba moja kwa moja kwenye ombi, si kwenye karatasi iliyobandikwa. Viambatisho haviruhusiwi, takwimu zenu zihifadhiwe kwa ajili ya kikao cha kamati, na humo katika ombi zifupishwe kwa sentensi mbili tatu. Muundo wake huwa kama huu:

"Sisi tuliotia sahihi hapa chini, raia wa Kenya na wakazi wa wadi fulani, tunalieleza Bunge kwamba: sheria iliyopo inaruhusu mwendo wa kilomita 50 kwa saa mijini, pamoja na mbele ya shule, kwamba kwa siku tano tulipima magari kadhaa mbele ya shule yetu na kuona kwamba mengi yalizidi kiwango hicho, kwamba tuliiandikia mamlaka husika tarehe fulani na hatujajibiwa, na kwamba jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote. Kwa hiyo waombaji wenu tunaliomba Bunge, kupitia kamati inayohusika na uchukuzi, lirekebishe kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki ili kuweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mbele ya shule, na kuzipa mamlaka za barabara wajibu wa kuweka alama na matuta."

Karani ana siku saba za kulikagua ombi, kisha hulipeleka kwa Spika ili lisomwe Bungeni; mbunge wenu pia anaweza kuliwasilisha yeye mwenyewe, na ni vyema aombwe kwanza, kwa adabu, ofisini kwake, na watu wasiozidi watano. Ombi hupelekwa kwa kamati, ambayo chini ya Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa ina siku 60 za kutoa taarifa. Andikeni tarehe hiyo ukutani. Siku ya 61 isipite bila barua.

Tafuteni mbunge, na wasikilizeni wapinzani

Taarifa ya kamati ikiwa nzuri, bado haijawa sheria. Anahitajika mtu wa kuuleta mswada. Marekebisho makubwa ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, yaliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, yalianza kama mswada wa Jakoyo Midiwo, aliyekuwa mbunge wa Gem, wala hayakutoka wizarani. Hilo lathibitisha kwamba mbunge mmoja aliyeamua anatosha kuanzisha. Mbunge wa aina hiyo hupatikana kwa kumpa kazi iliyokwisha kufanywa: kifungu kilichoandikwa, hesabu za barabara, na majina ya shule katika eneobunge lake.

Nendeni pia kwa wenye matatu na viongozi wa bodaboda kabla hawajasikia habari zenu redioni. Wengi wao wana watoto katika shule zilezile. Mtawasikia wakieleza jinsi dereva anavyodaiwa na mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kwamba dakika anazopoteza mbele ya shule huzifidia kwa kukimbia mbele zaidi. Malalamiko hayo ni ya kweli na yajibiwe kwa hesabu: mita 400 kwa kilomita 30 kwa saa huchukua sekunde 48, na kwa kilomita 50 huchukua karibu sekunde 29. Hiyo ni tofauti ya sekunde 19 kwa shule moja. Ukimwonyesha mtu sekunde 19 kwenye simu huku watoto wakivuka mbele yake, mazungumzo hubadilika.

Mswada au kanuni zinapotangazwa kwa ajili ya maoni ya umma, kama zilivyotangazwa mwaka 2025 rasimu za kanuni za usafiri wa wanafunzi na za ulevi wa madereva, peleka maoni kwa maandishi hata kama umekwisha kuzungumza kikaoni. Kwa kila kifungu andika mambo matatu: kinavyosomeka sasa, ungependa kisomekeje, na kwa nini. Maafisa wanaokusanya maoni hufanya kazi kwa mpangilio huo, na maoni yaliyokwisha kupangwa hivyo hunakiliwa jinsi yalivyo.

Baada ya sahihi ya Rais

Soma tarehe ya kuanza kutumika, kwa sababu sheria nyingine hupitishwa kisha zikasubiri tangazo la Waziri. Kama sheria inamtaka Waziri atunge kanuni, fuatilia uchapishaji wake katika Gazeti Rasmi la Serikali na uhakikishe zimewasilishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao, kwa kuwa Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 hubatilisha kanuni zisizowasilishwa. Ni wananchi wachache sana wanaofika hatua hii, na ndipo sheria nyingi nzuri hudhoofika.

Kisha rudini mbele ya lango lile lile, na kamba ile ile ya mita 100, kwa siku tano za masomo, saa zile zile. Andikeni kila gari. Hesabuni yaliyopita kwa chini ya sekunde 12, na karatasi hizo mzipeleke kwa kamanda wa trafiki, kwa mamlaka ya barabara na kwa mbunge wenu katika juma hilohilo.